Ngeli ya I-/ZI- na Usalama wa Data: Sarufi ya Maagizo ya Kusasisha Programu Dhibiti za Diski za Seva

IKISIRI

Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imejikita zaidi katika swali la neno lipi litumike kwa dhana ipi. Makala hii inadai kwamba katika maandishi ya maagizo, hatari kubwa zaidi haimo katika neno bali katika upatanisho wa kisarufi. Mfano unaotumika ni mwongozo wa kusasisha programu dhibiti za diski za seva kwa mstari wa amri, kazi ambayo kosa moja laweza kupoteza data isiyorudishika. Inaonyeshwa kwamba kwa kuwa majina ya vitu vinavyohusika karibu yote yameingia katika ngeli ya I-/ZI-, viambishi vya yambwa na baadhi ya vivumishi hushindwa kubainisha kitu kinachorejelewa na idadi yake. Aidha, inaonyeshwa kwamba Kiswahili kina nyenzo zake chenyewe, hususan kiambishi -ja-, ambazo waandishi wa maagizo hawajazitumia ipasavyo. Mwisho, yanatolewa mapendekezo pamoja na mfano wa mwongozo uliorekebishwa.

1.0 UTANGULIZI

Tangu kompyuta zilipoanza kuenea Afrika Mashariki, wanaisimu wa Kiswahili wamebishana juu ya majina. Wako waliotaka kompyuta iitwe ngamizi, na wako waliopendelea tarakilishi. Wengine waliona kwamba neno kompyuta lenyewe limekwisha kukaa vinywani mwa watu na hakuna haja ya kulihamisha. Mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, uliupa mjadala huo uzito mpya, kwa sababu sasa istilahi zilikuwa zikionekana mbele ya mtumiaji na si katika faharasa tu.

Mjadala huo ulikuwa na manufaa na bado unayo. Hata hivyo, una upungufu mmoja. Vigezo vinavyotumiwa kupima istilahi, vikiwamo vile vya Kiingi vinavyojulikana kwa ufupisho wa PEGITOSCA, huitazama istilahi ikiwa peke yake au ikiwa pamoja na istilahi ndugu zake. Huuliza kama ni sahihi, kama ni fupi, kama inazalisha maneno mengine na kama inakubalika kwa watumiaji. Swali la istilahi hiyo itatendaje ndani ya sentensi, ikikaa na istilahi nyingine mbili au tatu za kazi ileile, huulizwa kwa nadra.

Makala hii inauliza swali hilo. Chimbuko lake ni kosa ambalo mwandishi mwenyewe alilitenda, na ambalo litaelezwa katika sehemu ya 4.0.

2.0 KAZI INAYOHUSIKA

Msomaji wa jarida hili huenda hajawahi kuingia katika chumba cha seva. Kwa hiyo yafaa kueleza kwa ufupi kazi inayozungumziwa.

Kila diski ya kompyuta, iwe ya sahani zinazozunguka au ya chipu za kumbukumbu, ina ndani yake programu ndogo inayoiendesha. Programu hiyo ndiyo inayoamua data iandikwe wapi, isomwe vipi, na makosa yasahihishwe namna gani. Mtumiaji wa kawaida haioni wala haigusi. Katika makala hii tutaiita programu dhibiti, jina ambalo limekwisha kutumika katika vifaa vingi vyenye sura ya Kiswahili.

Programu dhibiti, kama programu nyingine yoyote, huweza kuwa na kasoro. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za chipu, zenye matoleo ya programu dhibiti yaliyotangulia toleo la HPD8, zingekufa pindi zitakapotimiza saa 32,768 za kufanya kazi. Muda huo ni sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8. Namba 32,768 ni 2 ikizidishwa kwa nafsi yake mara 15, nayo inapita kwa moja kiwango cha juu cha kihesabio cha biti 16 kinachohifadhi namba chanya na hasi. Mwezi Machi 2020 kampuni hiyo ilitangaza kasoro nyingine ya namna hiyo, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000. Diski ikishafika hapo, yenyewe pamoja na data iliyomo haviwezi kurejeshwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba seva nyingi huwa na diski kadhaa zilizopangwa ili moja ikifa, nyingine zibebe mzigo wake. Mpango huo huokoa data iwapo diski zinakufa kwa nyakati tofauti. Diski zilizonunuliwa pamoja na kuwashwa siku moja, zikiwa na kasoro ya saa, zitakufa takriban kwa pamoja. Dawa ni moja tu, nayo ni kusasisha programu dhibiti ya kila diski kabla ya saa hizo kutimia.

Kazi hiyo aghalabu hufanywa kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika amri kwa herufi badala ya kubofya picha. Kwa diski za aina ya NVMe kwenye mfumo wa Linux hutumika programu iitwayo nvme, kwa zile za SATA huweza kutumika hdparm, na kwa zile za SAS huweza kutumika sg_write_buffer. Mashine hutekeleza kile kilichoandikwa, na haina desturi ya kuuliza mara ya pili. Hivyo basi, mwongozo anaousoma fundi ndicho kizuizi cha mwisho kati ya nia yake na tendo lisilotenduka.

Huenda ikadaiwa kwamba mafundi husoma miongozo ya Kiingereza, na kwa hiyo Kiswahili hakihusiki. Dai hilo linasahau kwamba maagizo hayakai kwenye karatasi. Fundi aliye mbele ya seva usiku humpigia simu mwenzake, na mwenzake humwelekeza kwa Kiswahili: "Izime kwanza. Sasa iondoe. Haya, iwashe." Sarufi tunayoichunguza hapa inafanya kazi katika simu hiyo kama inavyofanya kazi katika mwongozo uliochapwa.

3.0 KIAMBISHI KIMOJA, VITU VINGI

Tuanze na orodha ya majina ya vitu vinavyohusika katika kazi hii: diski, seva, programu, kompyuta, kadi, betri, kebo, amri, nakala, nafasi. Yote yanapatanishwa kwa i- katika umoja na zi- katika wingi. Hili si jambo la ajabu. Inajulikana kwamba maneno mengi ya kukopwa huingia katika ngeli hii, isipokuwa pale umbo la neno linapofanana na kiambishi cha ngeli nyingine, kama ilivyotokea kwa kitabu na vitabu au kiplefti na vipilefti.

Katika masimulizi ya kawaida wingi huu wa majina ya ngeli moja hauleti taabu, kwa sababu muktadha huamua. Tazama mfano huu:

(1) Toa diski kwenye seva, kisha iwashe upya.

Kimaumbo, kiambishi -i- katika iwashe chaweza kurejelea diski au seva. Lakini diski iliyotolewa haiwashwi, na kwa hiyo msomaji anaelewa kuwa ni seva. Linganisha sasa na mfano wa (2):

(2) Pakia programu dhibiti kwenye diski, kisha iwashe upya.

Hapa muktadha hauna msaada. Diski za NVMe zaweza kuanzishwa upya zenyewe bila kuzima seva, na seva nayo yaweza kuzimwa na kuwashwa. Fasili zote mbili zina maana, na zote mbili ni vitendo vya kila siku. Mfano wa (3) ni wa hatari zaidi:

(3) Programu dhibiti mpya ikikataa kuingia kwenye diski, ifute.

Mwandishi wa sentensi hii alikusudia kusema kwamba faili lililoharibika lifutwe ili lipatikane jingine. Lakini kufuta diski pia ni tendo linalojulikana, tena kuna amri maalumu ya kulitekeleza. Fundi mgeni wa kazi, aliyechoka, ambaye diski imemkatalia mara mbili, anaweza kabisa kuelewa kwamba dawa ya diski kaidi ni kuifuta. Kwa sarufi ya Kiswahili hatakuwa amekosea kusoma.

Tuangalie sasa kinachotokea tukiongeza neno moja tu:

(4) Faili la programu dhibiti likikataa kuingia kwenye diski, lifute.

Utata umeondoka. Ni kweli kwamba baadhi ya wasemaji husema faili hii na wengine faili hili, lakini kwa madhumuni ya maagizo chaguo la pili lina faida inayoonekana wazi, kwani linaitenga programu na diski kisarufi. Hatukubuni istilahi mpya wala hatukumwondolea mtu neno alilolizoea. Tulichofanya ni kumweka mbele ya istilahi neno kuu la ngeli tofauti, nalo likabeba upatanisho wa sentensi nzima.

Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka. Mtu angeweza kupendekeza kwamba seva nayo iitwe mtambo wa seva ili ipate upatanisho wa ngeli ya U-/I-. Pendekezo hilo lina kasoro mbili. Kwanza, wingi wake ni mitambo, na kiambishi cha yambwa cha mitambo ni -i- ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Pili, umbo uwashe laweza kuchanganuliwa kwa namna mbili: kama amri yenye yambwa, yaani "washa mtambo huo", au kama dhamira tegemezi yenye kiima cha nafsi ya pili, yaani "wewe uwashe", bila kutaja kinachowashwa. Kwa hiyo kwa seva ni heri jina lenyewe lirudiwe. Marudio ambayo mwalimu wa insha angeyakata kwa wino mwekundu ni wema katika mwongozo wa fundi.

4.0 UMOJA, WINGI NA KISA CHA "NYINGINE"

Majina ya ngeli ya I-/ZI- hayabadiliki umbo katika wingi. Diski ni diski, iwe moja au ishirini. Idadi hujulikana kwa upatanisho tu: diski hii, diski hizi, diski imekufa, diski zimekufa. Katika sentensi ya amri, ambayo haina kiima kinachotamkwa na mara nyingi haina kivumishi, upatanisho huo hukosekana. Sentensi "Sasisha diski" haisemi kama ni diski moja au zote.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii aliombwa kuupitia mwongozo mfupi ulioandikwa kwa Kiswahili na fundi kijana wa taasisi moja ya elimu. Seva iliyohusika ilikuwa na diski nne. Ndani yake mlihifadhiwa, pamoja na mambo mengine, rekodi za sauti za utafiti wa lahaja, ambazo wasimulizi wake wengi ni wazee waliokwisha kufariki. Mtengenezaji wa diski alikuwa ametoa programu dhibiti mpya na kuwahimiza wateja wake wasichelewe. Kijana alieleza hatua kwa ufasaha, kisha akamalizia hivi:

(5) Rudia hatua hizi kwa diski zingine.

Mwandishi alifanya kile ambacho amekuwa akikifanya kwa wanafunzi wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikata neno zingine na kuandika juu yake nyingine, kwani ndivyo sarufi sanifu ilivyofundishwa kwa muda mrefu, kwamba kivumishi hiki ni nyingine katika umoja na katika wingi wa ngeli hii. Mwongozo ukachapwa ukisomeka hivi:

(6) Rudia hatua hizi kwa diski nyingine.

Aliyeitekeleza kazi hiyo hakuwa kijana aliyeuandika mwongozo, bali mwenzake aliyekuwa zamu. Alisasisha diski ya kwanza. Akarudia hatua kwa diski nyingine. Akaona maagizo yamekwisha, akatia saini kwamba kazi imekamilika. Diski mbili zikabaki na programu dhibiti ya zamani, na kila mtu akalala akiamini kwamba zote ni salama.

Hasara haikutokea. Wiki chache baadaye kijana yule, akitayarisha taarifa ya mwezi, aliandika amri ya kuorodhesha diski na kuona kwamba safu ya matoleo ina namba mbili tofauti. Alipokuja kueleza hakumlaumu mtu. Alisema tu, kwa adabu, "Mwalimu, mimi niliandika zingine."

Kisa hiki kinahitaji kutafakariwa na wanasarufi. Umbo zingine halikuzuka kwa uvivu wa wasemaji. Limezuka kwa mlinganisho na wengine, mengine na vingine, nalo linaziba pengo ambalo mfumo sanifu umeliacha wazi, yaani upambanuzi wa umoja na wingi katika ngeli ambayo nomino zake zenyewe hazipambanui. Kadiri maneno ya kukopwa yanavyoongezeka katika ngeli hii, ndivyo haja ya upambanuzi inavyoongezeka. Hatusemi kwamba kila kosa la wasemaji ni hekima iliyojificha. Tunachosema ni kwamba mhariri anayefuta umbo linalobainisha maana, na kuweka umbo lisilobainisha, anawajibika kuurudisha ubainifu huo kwa njia nyingine. Kama hataki zingine, na aandike "diski zote zilizobaki". Mwandishi hakufanya hivyo.

5.0 WAKATI, SHARTI NA HALI

Kundi la pili la utata linahusu mpangilio wa matendo katika wakati. Katika kazi hii mpangilio ni kila kitu. Diski inayoandikwa programu dhibiti haipaswi kukatiwa umeme, kwani yaweza kubaki na programu nusu isiyoweza kuiendesha. Tazama:

(7) Diski ikisasishwa, usizime seva.

Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kuonyesha kwamba kiambishi -ki- hubeba sharti na pia tendo linaloendelea. Kwa hiyo (7) ina fasili zaidi ya moja: kwamba wakati diski inasasishwa seva isizimwe, au kwamba iwapo diski imesasishwa, hakuna haja ya kuzima seva. Fasili hizi zinaelekeza fundi pande mbili tofauti, kwa kuwa mara nyingi baada ya kusasisha ni lazima seva izimwe na kuwashwa ili programu mpya ianze kazi. Lugha ina maumbo ya kutenganisha maana hizo:

(8) a. Wakati diski inaposasishwa, usizime seva.
b. Diski ikishasasishwa, zima seva kisha iwashe.

Katika (8b) kiambishi -i- cha iwashe hakina utata, kwa sababu jina lililo karibu zaidi nalo ni seva, na tendo la kuwasha linakamilisha tendo la kuizima.

Kuna sehemu moja ambayo Kiswahili si kwamba kinajitosheleza tu, bali kina uwezo unaokipita Kiingereza cha miongozo ya asili. Programu nyingi hutoa ujumbe mfupi wenye maana kwamba diski "si iliyosasishwa", bila kueleza zaidi. Mtafsiri wa Kiswahili analazimika kuchagua, na uchaguzi huo ni taarifa:

(9) a. Diski haijasasishwa.
b. Diski haikusasishwa.
c. Diski haisasishiki.

Sentensi ya (9a), kwa nguvu ya -ja-, inasema kwamba tendo bado, na kwamba linatazamiwa. Ya (9b) inasema kwamba nafasi ya kulitenda ilikuwapo ikapita bila tendo kufanyika, kwa mfano jaribio lilishindwa. Ya (9c), kwa nguvu ya kauli ya kutendeka, inasema kwamba diski hiyo kwa aina yake haikubali programu hiyo, na kujaribu tena ni kupoteza muda. Mafundi watatu wanaosoma ujumbe huu mmoja mmoja watachukua hatua tatu tofauti: wa kwanza atasubiri au kuanza, wa pili atachunguza kosa, wa tatu atakwenda kutafuta faili sahihi. Mtafsiri anayeandika haijasasishwa kila mahali, kwa mazoea, anaitupa hazina hii.

6.0 VITENZI NA KAULI YA KUKIRI

Tugusie vitenzi. Kusasisha diski ya NVMe kuna hatua tatu ambazo miongozo mingi huzichanganya. Kwanza, faili hupelekwa kwenye diski, na programu ya nvme huliita tendo hili fw-download. Wafasiri wengi hukimbilia neno pakua, kwa kuwa ndilo linalotumika kwa kuteremsha mafaili kutoka intaneti. Lakini pakia na pakua ni jozi ya kutenda na kutendua: shehena hupakiwa chomboni na hupakuliwa kutoka chomboni. Hapa faili linatoka kwenye seva na kuingia kwenye diski. Kwa mtu aliyesimama upande wa seva, ambako ndiko fundi aliko, tendo hilo ni kupakia. Mwongozo unaosema "pakua programu dhibiti" utamfanya aende kulitafuta faili intaneti, ilhali tayari analo.

Pili, diski huambiwa iliweke faili hilo katika mojawapo ya nafasi zake za kudumu, ambazo kwa kanuni za NVMe haziwezi kuzidi saba. Tendo hili nvme huliita fw-commit. Tunapendekeza simika, kitenzi ambacho kwa asili kina maana ya kusimamisha kitu kwa uthabiti, na ambacho hutumika hata kwa mtawala anayetawazwa. Tatu, programu iliyosimikwa huanza kutawala, na hapo amilisha linafaa. Upambanuzi huu si wa madoido. Faili lililopakiwa lakini halijasimikwa hutupwa na diski pindi diski inapoanzishwa upya. Fundi anayetii mfano wa (2) hapo juu, anayepakia kisha akawasha upya, atabaki na toleo lilelile la zamani.

Mwisho, kuna jambo la kipragmatiki katika programu ya hdparm. Amri yake ya kupakia programu dhibiti haitekelezwi mpaka mtumiaji aongeze kwa mkono vibainishi viwili: --yes-i-know-what-i-am-doing na --please-destroy-my-drive. Cha kwanza maana yake ni "ndiyo, najua ninalolifanya", na cha pili ni "tafadhali iharibu diski yangu". Hizi si taarifa kwa mashine, kwani kwa mashine herufi yoyote ingetosha. Ni matendo ya usemi. Mtumiaji analazimishwa kukiri na kuomba, ili asije akasema kwamba hakujua. Vibainishi hivyo haviwezi kutafsiriwa ndani ya amri, kwa sababu mashine inatambua tahajia hiyo tu. Lakini mwongozo wa Kiswahili usiomweleza fundi maana ya maneno anayoyaandika unamfanya akiri kwa lugha asiyoielewa, na ungamo la namna hiyo halina faida.

7.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza yafuatayo kwa waandishi, wafasiri na wahariri wa maagizo ya kiufundi.

(a) Kabla ya kuchagua istilahi, vitu vyote vya kazi moja viorodheshwe pamoja na ngeli zake. Pale viwili vinavyoweza kutendwa tendo moja vinapokuwa katika ngeli moja, kimojawapo kipewe neno kuu la ngeli nyingine, kama faili la programu dhibiti au kifaa cha diski.

(b) Pale mbinu hiyo inaposhindikana, jina lirudiwe, na kiambishi cha yambwa kisitumike peke yake.

(c) Idadi itajwe kwa neno: moja, zote, kila, zilizobaki.

(d) Kiambishi -ki- kiachiwe sharti. Tendo linaloendelea lielezwe kwa -napo-, na lililokamilika kwa -kisha-.

(e) Hali ya kukanusha ichaguliwe kwa makusudi kati ya -ja-, -ku- na kauli ya kutendeka.

Ufuatao ni mfano wa mwongozo uliorekebishwa, kwa diski ya NVMe iliyo ya kwanza katika seva. Jina la faili ni la mfano tu, na nafasi ya 2 itumike iwapo diski inayo na inaruhusu kuandikwa.

(i) Orodhesha kila diski iliyomo ndani ya seva: nvme list. Andika kwenye karatasi namba ya kila diski, modeli yake na toleo la programu dhibiti iliyomo.

(ii) Soma taarifa ya mtengenezaji. Hakikisha kwamba modeli iliyotajwa humo ndiyo modeli uliyoiandika. Kama sivyo, diski hiyo haisasishiki kwa faili hili, usiendelee.

(iii) Nakili data yote ya seva mahali pengine, kisha ifungue nakala hiyo uone kama inasomeka.

(iv) Tazama nafasi za diski na matoleo yaliyomo: nvme fw-log /dev/nvme0.

(v) Pakia faili la programu dhibiti kwenye diski: nvme fw-download /dev/nvme0 --fw=mpya.bin. Wakati faili linapopakiwa, usizime seva. Faili likikataa kuingia, lifute faili, tafuta faili jingine, na diski uiache ilivyo.

(vi) Simika faili lililopakiwa: nvme fw-commit /dev/nvme0 --slot=2 --action=1. Namba 1 ya mwisho inaiambia diski iiamilishe programu hiyo itakapoanzishwa upya.

(vii) Faili likishasimikwa, zima seva, kisha washa seva.

(viii) Rudia amri ya hatua ya (iv). Linganisha toleo unaloliona na lile la mtengenezaji. Yakilingana, itie alama diski hiyo kwenye karatasi. Yasipolingana, diski haikusasishwa; chunguza kabla hujaendelea.

(ix) Rudia hatua ya (iv) hadi ya (viii) kwa diski zote zilizobaki, moja baada ya moja, mpaka kila diski kwenye karatasi iwe imetiwa alama.

Msomaji ataona kwamba mwongozo huu ni mrefu kuliko ulivyohitaji kuwa kimtindo, na kwamba neno faili na neno diski yamerudiwa hadi kuchosha. Huo ndio msimamo wa makala hii.

8.0 HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili hakipungukiwi na uwezo wa kuelekeza kazi nyeti za kompyuta, bali kinachopungua ni mazoea ya kuitazama istilahi ndani ya sentensi. Istilahi isiyopendeza huvumilika, kwani fundi ataizoea baada ya siku mbili. Kiambishi kisichojulikana kinarejelea nini hakizoeleki, kwa sababu kila mara kinaweza kurejelea kitu kingine.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu watapata hapa uwanja mpana: maagizo ya dawa, ya umeme, ya mashine za mashambani, na yote yanayoandikwa kwa vitenzi vya kuamuru na majina ya kukopwa. Kwa upande wake, mwandishi wa makala hii amejifunza jambo moja linalohusu kazi ya uhariri. Kabla ya kusahihisha umbo la msemaji, sharti mtu aulize kwanza umbo hilo lilikuwa linafanya kazi gani. Rekodi za wale wazee bado zipo, kwa sababu kijana mmoja aliitazama orodha tena, na si kwa sababu sarufi ya mhariri ilikuwa safi.